Kitambaa kwenye Kiti cha Tell

Katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la rangi na vifaa vya ujenzi, kulikuwa na viti ishirini na viwili, na kimoja tu ndicho kilichovaa kitambaa. Kitambaa kilikuwa cha kijani, kimepigwa na jua mpaka rangi imekata tamaa, kimekunjwa mara nne na kufungwa mafundo mawili kwenye ubao wa juu wa mgongo wa kiti. Wanafunzi wapya walidhani ni kiti cha mgeni rasmi. Wale wa zamani waliwaacha wadhani hivyo kwa wiki nzima, wakiwapisha kwa adabu za uongo, kisha ndipo wakawafunulia siri yenyewe. Chini ya kitambaa kulikuwa na msumari.

Msumari huo ulikuwa umechana blauzi ya mshonaji, mwanafunzi ambaye hakuacha kuja hadi leo, miaka saba nyuma, alipokiegemea kiti kwa mara ya kwanza. Mshonaji alilia, maana blauzi alikuwa ameishona mwenyewe. Mwalimu alivua kitambaa chake cha kichwani papo hapo akaufunika. Kesho yake fundi bomba, naye mwanafunzi, alikuja na koleo. Akainama, akachungulia, akaurudisha mkono mfukoni.

"Mwalimu, huu usiuguse. Huu ndio ulioshika mgongo. Ukiung'oa, utabaki na stuli."

Basi kitambaa kikabaki, na kwa kuwa kilibaki, kile kikawa kiti rahisi kukitaja. Mwalimu alipotaka kiti cha kufundishia alisema, "Nileteeni kile chenye kitambaa," nacho kililetwa. Ndivyo kilivyokuwa kiti cha tell.

Mwalimu mwenyewe wanafunzi walimwita Mama Tell. Walikuwa watu wazima waliotoka kazini, wenye vumbi la saruji kwenye nyusi na harufu ya sabuni ya hospitali mikononi, na walikuja saa kumi na moja jioni kujifunza Kiingereza cha kuwatosha kazini. Wengi wao walifika na ugonjwa mmoja. Waliandika "He said me", au "She told that she is sick", wakajikuta wamechekwa na watu wasiojua kuwaeleza kwa nini.

Tiba yake ilikuwa hivi. Alimsimamisha mwanafunzi mmoja, akamgeuza uso kuelekea ukutani.

"Haya, sema jambo. Lolote."

"Mvua itanyesha."

"Umelisema?"

"Nimelisema, mwalimu."

"Limekwenda kwa nani?"

Mwanafunzi aligeuka akicheka. "Kwa ukuta."

"Hiyo ndiyo say. Say inajali maneno. Maneno yakishatoka kinywani, yenyewe imemaliza kazi, inakwenda kulala. Ukitaka kumtaja uliyemsemesha, itabidi umpitishe mlango wa nyuma, ashikwe mkono na to. Said to me. Said to my boss. Bila to, mtu wa say haingii."

Kisha alikivuta kiti chenye kitambaa, akakiweka kitupu mbele ya mwanafunzi yule yule.

"Sasa tell. Anza."

Mwanafunzi alifungua mdomo, akakitazama kiti, akaufunga.

"Umeona? Tell kabla haijafanya lolote inauliza, nani amekaa hapa? Mlinzi, njoo ukae. Haya sasa. Tell him. Tell the watchman. Wamekaa bega kwa bega, tell na mtu wake, hakuna kijineno cha kuwatenganisha." Hapo aliwageukia wote, na sauti yake ilishuka, kama mtu anayetoa zawadi na hataki makelele. "Na msidhani hili ni la kigeni. Mnalo tangu mkibebwa mgongoni. Mnaposema nilimwambia, huyo aliyejificha katikati ya neno ni nani? Ni mtu. Amekaa humo. Sema hutembea peke yake mchana kutwa, lakini ambia haitoki nyumbani bila mtu wake."

Kulikuwa na jioni ambazo mtu mzima alipigwa na bumbuazi kabisa, akashika kichwa, kwa kuona kwamba kitu kilichomtesa miaka mingi alikuwa nacho mdomoni muda wote.

Mlinzi wa benki, ambaye alikuwa akirudia darasa la pili kwa mwaka wa nne kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na kelele, ndiye aliyempa mwalimu tabu.

"Sasa mwalimu, mbona watu husema tell the truth? Tell a story? Mtu yuko wapi hapo?"

"Hapo kiti kipo. Aliyekikalia ameenda kunywa maji."

"Ah!"

"Sikiliza, mwanangu. Ukweli, uongo, hadithi, vyote hivi huwa na wa kuvisikia, hata asipotajwa. Ndiyo maana tell imevikubali."

"Na tell the time?"

"Hiyo kariri tu. Usinimalizie chaki."

*

Hakuzaliwa akijua. Kabla ya kufundisha alikuwa mpokea simu katika ofisi ya kampuni ya kusafirisha mizigo, msichana mwenye mwandiko mzuri na viatu vilivyokuwa vikimbana. Siku moja dereva alipiga simu kuwa barabara imefungwa, naye akaandika ujumbe kwenye kikaratasi: "The driver said me the road is closed." Mkuu wa ofisi alikisoma kwa sauti mbele ya wageni. Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Kisha kikaratasi, pamoja na jina lake chini kabisa, kilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, kikakaa pale siku tatu. Alipita mbele ya ubao huo mara nane kwa siku. Hakuna aliyemweleza kosa liko wapi.

Alitafuta jibu kwenye kamusi. Kamusi yake ndogo ilimwambia kuwa say ni sema na tell ni sema. Ilimchukua miaka minne. Jibu lilimjia akiosha sufuria, akinung'unika peke yake juu ya jambo alilomwambia dada yake. Nilimwambia. Alisimama na povu mikononi, akairudia ile silabi ya katikati kama mtu aliyesikia hatua ndani ya nyumba aliyodhani ni tupu.

Kwa hiyo somo la kiti halikuwa somo tu. Kosa lake liliwahi kubandikwa likiwa na jina lake chini. Alichotaka, kabla mkataba wake haujaisha, ni kuona alichokipatia nacho kimeandikwa mahali, kikiwa na jina lile lile chini. Ni haja ndogo. Hakuwahi kumwambia mtu ila mumewe, na Pacha.

Pacha hakuwa ndugu yake. Walianza kazi siku moja, miaka kumi na tisa iliyopita, wakajaza fomu kwa kalamu moja wakipokezana, na karani akauliza kama ni mapacha. Tangu hapo wakaitana hivyo. Pacha alifundisha darasa la kwanza, chumba cha pili, na ukuta uliowatenganisha ulikuwa mwembamba hata mmoja alipopiga chafya mwingine alimwombea afya. Mmoja alileta chupa ya chai, mwingine vikombe. Mama yake Mama Tell alipougua, Pacha alishika madarasa yote mawili kwa wiki tatu, sauti ikamkauka, wala hakulalamika. Jambo hili lazima lisemwe, maana ndilo lililofanya yaliyofuata yawe mazito kubeba.

Wazo la kijitabu lilikuwa la Pacha.

"Pacha, hili somo lako la kiti litakufa nawe."

"Liache life. Nani atalililia?"

"Acha masihara. Tuliandike. Majina mawili kwenye jalada, lako mbele."

"Mimi na kompyuta tumegombana, unajua."

"Wewe ongea. Vidole ni vyangu."

Basi ikawa kila Jumamosi asubuhi, kwa miezi mitano, Mama Tell alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni akizungumza, na Pacha aliandika. Aliandika kila kitu. Mifano yote ilitoka kwa watu wa darasani, kwa kuwa Mama Tell hakuweza kutunga sentensi bila kumwona mtu. Mlinzi alimwambia muuguzi. Mshonaji alisema shati liko tayari. Alipofika kwenye kiti alisema kama alivyozoea, "Hapo unachukua kiti, kile chenye kitambaa," na vidole vya Pacha vikaenda tap tap tap bila kusita. Hakuuliza kitambaa ni cha nini. Alikuwa mwandishi mwaminifu mno kuuliza.

Kijitabu kilipokamilika, Pacha alipata kazi katika ofisi ya mafunzo ya walimu, mjini kati. Walikumbatiana kwenye ngazi.

"Usilie, bwana. Huko nitakuwa jikoni kabisa. Kijitabu chetu kitapita haraka."

Akaondoka nacho, kwenye kifaa kidogo kilichoning'inia kwenye funguo zake.

Mwezi wa kwanza Mama Tell alipopiga simu, kilikuwa kinapitiwa. Mwezi wa tatu kilikuwa bado kinapitiwa. Mwezi wa tano simu iliita mpaka ikachoka.

"Kinapitiwa na nani?" mumewe aliuliza. "Hicho ni kijitabu au daraja?"

*

Mwezi wa nane ilikuja barua. Walimu wote wa madarasa ya jioni walitakiwa kuhudhuria semina ya siku moja kuhusu mbinu mpya ya kufundisha Kiingereza. Mama Tell alivaa gauni lake la buluu, akaenda mapema, akakaa mstari wa mbele kwa sababu ya macho.

Kwenye kila kiti cha ukumbi kulikuwa na kijitabu chembamba chenye jalada la rangi ya machungwa. Alikichukua chake. Juu ya jalada kulikuwa na mchoro wa kiti, na mgongoni mwa kiti, kitambaa.

Kwanza alifurahi. Moyo uliruka kweli, kama wa binti. Alilisoma jina lililokuwa chini ya mchoro, jina la Pacha, lote, mpaka la babu. Akatafuta jina lililopaswa kuwa mbele yake. Akalitafuta nyuma. Akageuza jalada, akatazama ndani, kama mtu anayepapasa mfuko aliokwisha kuupapasa. Ukurasa wa pili uliandikwa: "Nawashukuru wenzangu wote wa darasa la jioni." Wenzangu wote. Alikaa na maneno hayo mawili mapajani.

Pacha aliingia kwa mlango wa pembeni, miwani mipya, kadi ya ofisi shingoni. Hakumwona, au alimwona akachagua kutazama juu zaidi. Alikuwa hodari. Alimgeuza mtu ukutani, akamwambia aseme jambo, akauliza limekwenda kwa nani. Walimu wakacheka pale pale ambapo wanafunzi wa Mama Tell walikuwa wakicheka. Hata yule mtu wa mlango wa nyuma alikuwepo. Hata kulala kwa say. Mama Tell alisikia pumzi zake mwenyewe zikitoka kinywani mwa mtu mwingine, mahali pa kupumua ni pale pale.

Kisha Pacha akavuta kiti cha plastiki cha ukumbini, kipya, akatoa kitambaa cha kijani kwenye mkoba. Akakikunja mara nne. Akakifunga mafundo mawili.

Mwalimu mmoja, mwanamume mnene wa mstari wa tatu, aliinua mkono. "Samahani, mkufunzi. Hatua hii ya tatu, kufunga kitambaa. Ina maana gani?"

"Swali zuri sana." Pacha alirekebisha miwani. "Kitambaa kinamwakilisha mtendewa. Mafundo mawili ni uhusiano wa kitenzi na mtu wake. Mwanafunzi akikiona, anakumbuka kwamba hapa hapakai mtu hivi hivi tu."

Kalamu zote ukumbini zikainama na kuandika.

"Ni lazima kiwe cha kijani?" mwingine aliuliza.

"Inashauriwa."

Mama Tell hakujua kuwa anacheka mpaka jirani yake alipomgeukia. Hakikuwa kicheko cha furaha wala cha dharau. Kilitoka tu, kama kwikwi. Na Pacha, akitafuta aliyecheka, ndipo alipomwona. Rangi yake ilibadilika, ikarudi. Msaidizi wa ukumbi, asiyejua lolote, alikuwa tayari amemshika Mama Tell mkono. "Mama, njoo wewe utusaidie. Kaa kwenye kiti."

Akakaa. Walitazamana, wawili hao, umbali wa hatua mbili, karibu kuliko walivyokaa miezi minane.

Aliupeleka mkono nyuma ya mgongo, akapapasa kitambaa, akapapasa chini yake. Plastiki laini.

"Pacha," alisema polepole, "kiti hiki hakina msumari."

"Msumari gani?"

Na hapo Mama Tell alielewa kuwa hakuwa akiigiza. Miaka saba ya kupita mlango wa lile darasa, Jumamosi ishirini za kukaa humo wakiandika, na Pacha hakuwahi kukigusa kile kiti wala kuuliza. Alibeba kila kitu, na hakujua alichobeba.

"Kitambaa ni cha msumari," Mama Tell aliwaambia walimu. "Kiti chetu kina msumari mgongoni. Ulimchana mshonaji. Nikaufunika, basi. Kile kitambaa ni changu, cha kichwani."

Kisha mwanamume mnene akaanza kucheka, na ukumbi mzima ukamfuata, na Pacha akacheka nao, akaweka mkono begani mwa Mama Tell kama mtu wa nyumbani.

"Huyu ni mwenzangu wa zamani," alisema. "Mcheshi sana. Tumpigie makofi."

Wakampigia makofi.

*

Wakati wa chai walikutana kwenye korido, penye mabomba ya kunawia. Pacha ndiye aliyemfuata.

"Usinitazame hivyo."

"Nikutazameje?"

"Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina. Mmoja, pacha, nakuapia. Nikasema tutarekebisha baadaye. Halafu wapiga chapa nao wakaharakisha, jalada likawa limeshatoka."

"Na simu?"

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Miezi mitatu ulitafuta pa kuanzia."

Pacha alifungua bomba, akalifunga, bila kunawa. "Kule kwenye kikao nilisema wazi kwamba kuna mwenzangu aliyenisaidia. Nilisema mbele ya watu kumi."

"Nilikusaidia," Mama Tell alirudia. Alilitamka neno hilo kama mtu anayelionja kujua kama limechacha.

"Wewe unaondoka mwakani, una mume, una pensheni. Mimi nina nini? Ndiyo kwanza wamenipa kazi kwa sababu ya kile kijitabu. Ungetaka niwaambie si changu?"

Kwa hiyo haukuwa mstari wa fomu. Walisikia wote wawili. Pacha alijaribu kuyarudisha maneno kwa kukohoa, lakini yalikuwa yamekwisha kaa. Mama Tell alichukua mkoba wake, akarudi nyumbani kabla ya kipindi cha mchana.

Mumewe alikuwa amefanya kazi kwenye mashine za kuchapa kwa miaka thelathini, na ncha za vidole vyake zilikuwa bado nyeusi kwenye mikunjo. Alikipokea kijitabu, hakukisoma. Alikinusa, akakunja jalada, akatazama uzi.

"Anasema wapiga chapa waliharakisha," Mama Tell alisema.

"Jalada?"

"Jalada."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Mama watoto, jalada ndilo la mwisho. Kurasa zote huchapwa, hukunjwa, zikakaa sakafuni zikisubiri. Mwenye kitabu huletewa jalada alitazame kwa macho yake, atie saini kuwa liko sawa. Hapo hakuna anayeharakishwa. Hapo mtu ana siku nzima ya kufikiri."

Akamrudishia kijitabu. Baadaye kidogo, kwa kuwa alimpenda na hakujua la kufanya, alikwenda akaosha vyombo.

*

Mkaguzi alikuja wiki ya nne baada ya semina, akiwa na fomu ya mbinu mpya. Alikuwa mtu mpole, koti la kijivu limempwaya kidogo. Viti vyote vya mbele vilikuwa vimekaliwa, isipokuwa kimoja.

"Naona kitambaa hamjafunga," alisema, kalamu juu ya fomu.

Ni kweli. Kilikuwa kimefuliwa siku ile, kikiwa bado kinaning'inia dirishani.

"Hapana," alisema Mama Tell. "Karibu ukae, baba."

Mlinzi alifungua mdomo ili aseme jambo. Mshonaji akamkanyaga mguu.

Mkaguzi akakaa, akaegemea, na darasa zima likasikia ule mlio mwembamba wa uzi unaoachana na uzi. Alisimama, akavua koti, akautazama mpasuko, kisha akaukodolea macho mgongo wa kiti kwa muda mrefu. Akatazama kitambaa dirishani.

"Mama," alisema hatimaye, "hiki kitambaa ndicho cha hiki kiti?"

"Ndicho."

"Na kazi yake ni…"

"Hiyo hiyo."

Alianza kucheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu mkweli, na Mama Tell akajikuta anacheka naye, na kwa dakika ile alidhani kuna kitu kimefunguka. Mshonaji alilitia koti mishono kumi papo hapo, kwa mkono. Mkaguzi alikaa kiti kingine mpaka mwisho wa kipindi. Alipoondoka alimshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

"Shule saba nimepita, mama, na kote nimekuta vitambaa kwenye viti vya plastiki. Hili halifai kuachwa hivi. Nitamwandikia mwandishi mwenyewe."

Mama Tell alitaka kusema. Lakini alikuwa amekwisha kusema ukumbini, mbele ya watu sitini, na walimpigia makofi. "Mwandikie," alijibu.

Muhula wake wa mwisho ulipoanza, lililetwa boksi kutoka ofisi ya mafunzo. Chapa ya pili, iliyorekebishwa, nakala moja kwa kila mwanafunzi. Mlinzi alilikata kwa funguo zake, akavigawa vijitabu kama mtu anayegawa barua kutoka nyumbani.

Mama Tell alifungua chake ukurasa wa hatua ya tatu. Ilikuwa imeandikwa upya, kwa lugha safi: "Iwapo kiti kina msumari uliochomoza, ufunikwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, ili usimchane mwanafunzi." Kila neno lilikuwa sahihi. Akarudi mwanzo. Shukrani kwa wenzangu wote hazikuwepo tena. Mahali pake kulikuwa na shukrani kwa mkaguzi, kwa cheo chake. Jina juu ya jalada lilikuwa lile lile, moja.

"Jamani!" Mlinzi aliruka kutoka kitini. "Mimi huyu hapa! The watchman told the nurse. Ukurasa wa nne! Si ndiye mimi huyu, mwalimu?"

"Ndiye wewe."

"Nami nipo!" mshonaji alipaza sauti. "Na shati langu! Fundi bomba naye yumo, tazameni, ukurasa wa tisa, mtu alishahama lakini yumo!"

Walipekua, wakaonyeshana, wakagongana vichwa. Watu ambao hawajawahi kuona kazi zao zimetajwa popote ila kwenye orodha ya mishahara walikuwa sasa kitabuni, kwa Kiingereza, wakiambiana mambo. Muuguzi alikibusu kijitabu chake. Mama Tell aliwatazama, na kwa kuwa furaha yao ilikuwa ya kweli, hakupata mahali pa kuiweka hasira yake.

Ndipo mlinzi, bado akipekua, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akauliza bila ubaya wowote:

"Mwalimu, na wewe uko ukurasa wa ngapi?"

Kelele zilipungua. Mshonaji aliinua macho. Mmoja baada ya mwingine waliacha kupekua, wakawa wanangoja jibu.

Mama Tell alikwenda kwenye kiti. Alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili, kwa kucha, maana yalikuwa ya siku nyingi. Alikikunjua kitambaa mikunjo yote minne. Katikati kilikuwa kimebaki kijani kabisa, kijani cha siku alipokinunua, pale ambapo jua halikufika, na kulikuwa na tundu moja dogo la msumari. Akakipiga vumbi, akajifunga kichwani, akakaza kisogoni.

"Mshonaji," alisema, "leo usiegemee. Haya, fungueni ukurasa wa kwanza."